Mshale wa Kushuka

Mimi ni mchora herufi, na herufi zangu zina vivuli. Naanza na hilo kwa sababu ugomvi wote na binti yangu ulianzia kwenye kivuli. Maisha yangu yote ya kazi hapa Uyole, Mbeya, nimeandika majina kwenye malori, kwenye mabasi na kwenye milango ya gereji, na sijawahi kuiacha herufi uchi. Kila moja naipa kivuli upande wa kulia. Mteja akitaka ua, namwekea ua. Akitaka simba, namwekea simba, hata kama jina la basi lake halihusiani na mnyama yeyote. Watu wa stika walipoingia na mashine zao, wakaanza kubandika sura za wacheza mpira kwenye vioo vya nyuma, niliwachukia, na bado nawachukia. Lakini angalau hao hawakuzaliwa nyumbani kwangu.

Binti yetu ni mtoto wetu wa pekee. Alisomea usanifu wa michoro, akarudi Mbeya, akapanga chumba mtaa wa Soweto, akaanza kutafuta kazi kwa watu wa mabasi, kazi ileile ya baba yake, ila yeye haishiki brashi. Jumapili moja baada ya ibada alikuja kutusalimia akiwa na kompyuta yake, akaiweka mezani katikati ya sahani za ndizi na maharage, akasema anataka kunionyesha kitu kilichombadilishia maisha. Mama yake akasogeza sahani. Mimi nikavaa miwani.

Zilikuwa picha za matangazo ya treni na mabasi ya huko Ulaya, za kati ya vita vile viwili vikubwa. Alinieleza kwa furaha, na nakiri alieleza vizuri. Kampuni za usafiri ziliwaita wachoraji, zikawapa kuta za stesheni, zikawaambia waondoe mapambo yote. Treni ikawa mistari mitatu. Kilima kikawa nusu duara la kijani. Herufi zilisimama kavu, unene mmoja, bila miguu, bila mikia, bila kivuli. Alisema wale watu waliamini abiria ana akili zake, kwamba ukuta umwambie neno moja tu kisha umwache aendelee na safari. Macho yalimng'aa. Nikamuuliza dereva wa ile treni yuko wapi.

Hakucheka. Nikaendelea kuchokonoa, maana nikishaanza huwa siachi. Nikamwambia kuwa kati ya vita hivyo viwili, babu yangu alikuwa amerudi kutoka kile cha kwanza mabega yamechubuka kwa kubebeshwa mizigo ya wazungu, na wanawe walikuwa wanakua tayari kupelekwa Burma kwenye cha pili. Kumbe wakati huo wenzetu walikuwa wanakaa ofisini wakichagua umbo la herufi O. Akanijibu kwamba hilo si kosa la herufi O. Mama yake alicheka. Mimi nilinyanyuka nikaenda nje kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Sasa niseme kuhusu ukuta wangu. Pale Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, pembeni ya barabara kuu, kuna yadi ya mabasi. Nilipokuwa kijana, mwenye yadi wa kwanza alinipa ukuta mzima wa ndani nichore nitakavyo. Nilichora barabara yote kutoka Uyole mpaka Ipogolo: malori, mashamba ya mahindi, misonobari ya Mafinga, maporomoko ya maji ambayo hayapo popote, simba amekaa chini ya msonobari, na juu yake maneno SAFARI NJEMA yenye kivuli cha rangi mbili. Ndiyo kazi kubwa niliyowahi kufanya. Mke wangu ni Mhehe wa Iringa mjini; nilimwona mara ya kwanza amesimama mbele ya ukuta huo, akimcheka simba wangu kwamba ana uso wa katekista. Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa na mambo mengine zaidi ya rangi.

Yadi ikauzwa. Kampuni iliyoinunua ilimweka meneja mpya, kijana wa simu mbili, na meneja huyo akamtafuta binti yangu. Alitaka yadi ya kisasa. Makubaliano yao binti yangu alituambia wazi: aanze na Ipogolo, ikifanya vizuri, atapewa yadi ya Uyole na mabasi yote ya kampuni, na ataishi Mbeya akiwa na kazi ya miaka. Isipofanya vizuri, kuna ofisi Dar inamtaka, na ataondoka. Mama yake alianza kumwombea Ipogolo usiku huohuo. Mimi nilijua nyumba yangu bila mtoto yule kuingia na kutoka itakuwa kimya, na kimya sikipendi.

Halafu akapaka ukuta wangu rangi nyeupe.

Hakuniuliza. Aliniambia baada ya kumaliza, kwa simu, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba wa jirani. Alisema bango haliwezi kusomeka mbele ya simba. Hasira zilinipanda na hazikushuka mwezi mzima. Nilimwambia asinipigie, naye, kwa kuwa amerithi ukaidi wangu wote bila kuacha hata punje, hakunipigia. Alimpigia mama yake. Nilikuwa nasikia sauti yake ndogo ikitoka kwenye simu ya mke wangu jikoni, na nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Tulipata safari ya Iringa mwaka huohuo. Mtoto wa shemeji yangu alikuwa anapata kipaimara, na kutokwenda kungekuwa ugomvi mwingine, nao wa ukoo mzima. Tukapanda basi Uyole asubuhi ya Jumamosi. Njia nzima nilimhakikishia mke wangu kwamba tukifika Ipogolo sitainua macho. Nitashuka, nitatoka, nitapanda mjini kwa wakwe zangu. Akaniambia hakuna aliyeniomba niangalie.

Niliinua macho. Ukuta ulikuwa mweupe kabisa, mrefu, na upande huu kulikuwa na bango moja la buluu lenye neno SHUKA na mshale mnene unaotazama chini. Upande wa pili bango la rangi ya chungwa, PANDA, mshale unatazama juu. Basi. Hakuna ua, hakuna mnyama, hakuna hata jina la kampuni. Yalikuwa mabango yale ya kati ya vita, yamehamia Ipogolo. Nilitafuta kosa kwenye herufi na sikuliona, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi. Nafasi kati ya P na A ilikuwa sawasawa. Mimi mwenyewe nafasi hiyo hunisumbua mpaka leo.

Tukiwa bado tunapokea mizigo yetu, chini ya PANDA ilikuwa imesimama kosta, mlango wazi, na watu wengi tulioshuka nao walikuwa wanaelekea huko na mabegi yao. Nasi tukaenda. Hakuna aliyejiuliza. Ukiwa Ipogolo mji uko juu, kilimani. Mtu haendi mjini, anapanda mjini, na ndivyo wanavyosema wote, wenyeji na wageni. Imeandikwa PANDA, mshale unaonyesha juu kule kule mlimani. Tukaingia, tukakaa, kosta ikajaa, ikaondoka. Nilikuwa na kazi ya kumweleza mke wangu ubaya wa rangi ya chungwa, kwa hiyo dirishani sikutazama.

Mke wangu ndiye aliyetazama. Alisubiri nipumue, halafu akauliza taratibu, "Mbona hatupandi?"

Kweli hatukuwa tunapanda. Barabara ilikuwa imenyooka, mlima uko nyuma yetu. Konda alipokuja kukusanya nauli akatuuliza tunashukia wapi, nikasema mjini. Akauliza mji upi, kwa sababu gari yake inaenda Mafinga. Nusu ya kosta ikapiga kelele kwa pamoja. Kumbe nusu nzima ilikuwa inapanda mjini. Konda alisema hasimami porini kwa ajili ya watu wasiouliza, akatupeleka mpaka Tanangozi, akatushusha pale na mabegi yetu na keki ya kipaimara, ambayo mke wangu aliipakata muda wote bila kuniangalia.

Nimewahi kukasirika, lakini pale Tanangozi nilikasirika kwa mpangilio. Nilisimama pembeni ya barabara nikitunga maneno ya kumwambia binti yangu, neno moja baada ya jingine, nikiyapa vivuli. Nilijua yuko yadini siku hiyo, mama yake alikuwa ameshaniambia. Tulipopata gari la kurudi sikuongea hata kidogo, nisije nikayapoteza.

Tulikuta yadi imechafuka. Chini ya bango la SHUKA walisimama watu wengi na mizigo yao, wamechoka na wamewaka. Walikuwa wanakwenda Morogoro na Dar. Sasa, huku kwetu nyanda za juu, Dar haiendwi. Dar inashukwa. Mtu anashuka Moro, anashuka Dar, kisha siku nyingine anapanda Mbeya. Watu hawa walikuwa wameona SHUKA, mshale chini, wakasimama hapo na kusubiri. Na basi la Dar lilikuwa limekuja, likashusha watu pale, likasogea mbele mpaka kwenye PANDA, likapakia waliokuwepo, likaondoka na viti vitupu huku hawa wakiliangalia. Na lililofuata likafanya vilevile.

Binti yangu alikuwa amesimama katikati yao, na meneja alikuwa anamfokea mbele ya watu wote. Simu zake mbili zilikuwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anamnyooshea kidole usoni. Binti yangu alijaribu kueleza kwamba panda ni kupanda gari, shuka ni kushuka kwenye gari, hakuna namna nyingine, ni Kiswahili. Mama mmoja mwenye vikapu vya kwenda kuuza Morogoro akamgeukia, bila hasira, ndiyo maana ilichoma zaidi.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu kwa Kihehe. "Mimi nashuka Moro. Imeandikwa shuka. Nisimame wapi tena?"

Nilimwona binti yangu anaangalia bango lake juu, anaangalia mlima, anaangalia bango, na nikaona lile jambo linamwingia kichwani. Wallahi hata mimi lilikuwa linaingia wakati huohuo. Mimi ni Mnyakyusa niliyeoa Iringa, nimesema kupanda mjini na kushuka Dar maisha yangu yote, na nilipokuwa natunga maneno ya kutukana pale Tanangozi sikuwa nimeling'amua hata kidogo. Nilidhani kosa ni rangi ya chungwa.

Meneja akaniona. Alinifahamu, picha yangu nikiwa kijana mbele ya ukuta ilikuwa bado inaning'inia ofisini kwake. Akaacha kumfokea, akanijia akitabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mzee mwenye kazi yake amefika. Mabango haya yatang'olewa. Ukuta nirudishiwe, nichore tena simba wangu, malori yangu, kila kitu, kazi iliyokuwa inaeleweka na watu.

Ndicho nilichokuwa nakitaka. Mwezi mzima wa kuongeza sauti ya redio nilikuwa nataka mtu aseme maneno hayo, na ikiwezekana binti yangu awepo. Alikuwepo. Alikuwa anatazama chini, kwenye viatu vyake, na midomo alikuwa ameibana kama alivyokuwa akifanya utotoni akizuia kulia. Nikamchukia yule meneja kwa moyo wangu wote. Chuki yote niliyokuwa nimeibeba kutoka Uyole ikahama ikaenda kwake, na ilimtosha.

"Bango hili limenifikisha Tanangozi," nilimwambia. "Mimi, mchora herufi, nimelisoma nikafanya lilichosema. Ukuta wangu ulikaa hapa miaka yote ile, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusogea kwa sababu yake."

Akasema mzee anatania. Sikuwa natania. Watu waliegemea ukuta wangu, walipiga nao picha, walijisaidia kwenye kona ya maporomoko ya maji. Mke wangu alimcheka simba. Walioandikiwa safari njema walisafiri salama au vibaya bila kuniuliza. Na hapa mwanangu ameandika neno moja, na kosta nzima ikaenda Mafinga. Nilimwambia meneja kwamba simchorei simba wala paka, na kwamba akimnyooshea tena binti yangu kile kidole nitamwandikia jina lake nyuma ya kila lori linalopita Uyole, kwa kivuli. Wale wa Morogoro wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilifikiri binti yangu atanishukuru. Alinifuata mpaka getini, macho yamekauka, akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Usinitetee kwa sababu nimekosea vizuri, baba," alisema. "Nilitaka nieleweke."

Akarudi ndani. Mama yake akanipa keki niibebe, tukapanda mjini kwa miguu mpaka tulipopata gari, na siku ya pili yake kanisani sikumbuki hata mtoto yupi alikuwa wetu.

Kilichotokea baadaye hakuna aliyekipanga. Abiria walikataa kutoka chini ya SHUKA. Madereva wa Dar, wakichoka kutukanwa, wakaanza kupakia palepale. Magari ya Mafinga na Mbeya yakabaki chini ya PANDA pamoja na vigari vya mjini, maana huko kote ni juu. Wanaoshuka kutoka kwenye mabasi wakawa wanashukia popote, kama zamani. Kabla mahindi hayajavunwa yadi nzima ilikuwa inakwenda kwa mpango huo, bila vurugu, na meneja akawa anawaambia wageni kwamba alifikiria mwenyewe. Mabango hayakung'olewa. Ila kazi ya Uyole na ya mabasi hakumpa tena binti yangu. Aliwapa watu wa stika. Sasa hivi mabasi yale yana tai, mawaridi na wacheza mpira mpaka kwenye vioo vya pembeni, na nikiliona moja natema mate.

Alikuja kuaga Jumapili, baada ya ibada, bila kompyuta. Nilimwambia nilichokuwa sijamwambia, kwamba nimetazama kazi yake kwa jicho la fundi na ni kazi safi, kwamba nafasi ya P na A ilinishinda mimi. Akasema asante, baba. Nikamwambia abaki, tutatafuta yadi nyingine. Akasema kila akipita Ipogolo angewakuta watu wamesimama kwa raha chini ya neno ambalo hakulisema yeye. Nikamwambia ndivyo kuta zilivyo. Akasema anajua, na ndiyo sababu anaondoka. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza.

Alitaka alale kwanza kwa wajomba zake Iringa, nami nikamsindikiza, mama yake akabaki kwa sababu alisema hawezi. Asubuhi tukateremka naye Ipogolo. Alisimama chini ya SHUKA pamoja na watu wengine wanaoshuka Dar, begi miguuni, na hakuinua macho. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe mpaka mwisho. Nilijua hasa simba wangu alikuwa wapi chini ya rangi ile, na kwa mara ya kwanza sikumtafuta.

Basi lilipoingia getini nilijikuta naomba. Niliomba dereva huyu mmoja, mgeni labda wa njia hii, alisome bango kama binti yangu alivyolikusudia: ashushe watu, asipakie mtu, asogee mbele, aende zake. Dereva alisimama, akafungua mlango, akashusha watu wake. Kisha akatazama juu kwenye mshale, akawaita wa Dar wapande.